Masafa yaleyale, mbona redio hazielewani?

SWALI: Mhandisi, hujambo. Mimi ni msimamizi wa walinzi katika mtaa mmoja wa nyumba za kupanga, South B, Nairobi. Tulikuwa na wokitoki sita za zamani, na juzijuzi mwenye kampuni akatuongezea nne mpya za DMR, hizi za kidijitali. Fundi wa barabara ya Luthuli aliziweka zote kwenye masafa yaleyale, hadi tarakimu ya mwisho. Lakini mlinzi wa lango akiongea kwa redio mpya, wenye redio za zamani wanasikia mlio wa kukoroma tu, na wao wakijibu, redio mpya ziko kimya kabisa. Fundi anasema shida ni "modulesheni" na kwamba tuuze zile za zamani. Hii modulesheni ni nini hasa? Na kama kuna aina iliyo bora, kwa nini dunia nzima isitumie hiyo moja?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Fundi wako ameujua ugonjwa, ila dawa aliyokuandikia ina haraka. Usiuze kitu bado. Karibu redio zote za DMR zinazouzwa hapa mjini zinaweza kuongea kwa njia mbili, ile ya kidijitali na ile ya zamani, analogia, na kuzihamisha ni kazi ya muda mfupi kwa kompyuta na waya wa programu. Nitafika hapo. Tuanze na swali lako kubwa, kwa sababu ukilielewa hutauziwa maneno tena na mtu yeyote pale Luthuli.

Masafa yanakuambia wimbi liko wapi tu. Hayakuambii limebeba nini, wala limebebaje. Tuseme redio yenu iko megahezi 450. Ukibonyeza kitufe cha kuongea bila kusema neno, inatoa wimbi moja safi linalotetema mara milioni 450 kwa sekunde, na wimbi hilo halina habari yoyote ndani yake zaidi ya kwamba lipo. Sauti ya mtu nayo iko chini kabisa: redio za mawasiliano huchukua kipande cha kutoka hezi 300 hadi 3000 hivi, kinatosha kuelewana. Sauti hiyo huwezi kuirusha hewani ilivyo. Antena ya robo ya wimbi kwa hezi 1000 ingekuwa na urefu wa kilomita 75; ungeanza kuivuta South B na ungeipita Thika ukiwa bado hujaimaliza. Kwa hiyo sauti hupandishwa juu ya wimbi la masafa makubwa, ambalo antena ya sentimita kumi na kitu inaweza kulirusha. Huko kupandisha ndiko modulesheni.

Wimbi lina mambo matatu tu unayoweza kuyachezea: ukubwa wake, masafa yake, na fezi yake, yaani liko hatua gani katika kupanda na kushuka kwake. Jaribu kupiga mluzi. Shikilia noti moja na uupulize kwa nguvu, kisha taratibu, kisha kwa nguvu: umebadilisha ukubwa. Sasa shikilia nguvu ileile na upandishe noti, kisha uishushe: umebadilisha masafa. Mtu aliye ng'ambo ya barabara anaweza kupokea ujumbe kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, mradi anajua asikilize kitu gani. Akisubiri nguvu ibadilike na wewe unabadilisha noti, hatapata kitu. Redio zenu ziko katika hali hiyo.

Kubadilisha ukubwa ndiyo AM, na ndiyo ya kale kuliko zote katika kubeba sauti. Ni rahisi kuipokea: dayodi moja, kapasita, na vifaa vya masikioni, umemaliza. Gharama yake inaonekana ukipima nguvu. Chukua wimbi la wati 10 ulipakie toni moja hadi kiwango cha juu kabisa, asilimia 100. Jumla ya nguvu inayotoka inakuwa wati 15. Zile 10 bado ni za wimbi lenyewe, lisilosema lolote. Ujumbe uko katika wati 5 zilizozidi, nazo zimegawanyika bendi mbili za kando, moja juu ya wimbi na nyingine chini yake, wati 2.5 kila upande, na pande zote mbili zinarudia maneno yaleyale. Hiyo ni kwa toni safi iliyojazwa kabisa. Maneno ya mtu, yenye vituo na sauti za chini, hubeba pungufu ya hapo. Isitoshe, kileleni wimbi hilo hugusa wati 40, na kikuzaji, yaani sakiti inayolipa wimbi nguvu, kinapaswa kuufuata kila mpando na kila mshuko bila kuupotosha. Kikuzaji cha uaminifu wa namna hiyo hula betri na kutoa joto jingi.

Kisha kuna kelele. Radi, taa mbovu, plagi ya bodaboda inayopita langoni, vyote huongeza au kupunguza ukubwa wa kile kinachofika kwenye antena. Redio ya AM haina njia ya kujua kipi ni sauti yako na kipi ni plagi.

Hata hivyo ndege zinazopaa uwanja wa Wilson, na nyingine zote unazoziona juu ya South B, bado zinaongea na mnara wa kuongozea kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137. Si ushamba. Sababu mojawapo ni kwamba dunia nzima ya anga iko humo na huwezi kubadilisha ndege zote usiku mmoja. Nyingine ni ya kiufundi na inanivutia zaidi. Marubani wawili wakibonyeza kwa pamoja kwenye AM, mawimbi yao mawili hayalingani kikamilifu, na tofauti hiyo ndogo inasikika kwenye spika kuwa mlio mkali. Muongozaji anajua papo hapo kwamba kuna mtu wa pili. Kwenye FM, ile ya kubadilisha masafa, mambo ni mengine: aliye na nguvu zaidi humeza mwenzake kabisa, na hutajua kamwe kwamba kulikuwa na mwingine. Wala usidhani AM ni kinga. Mnamo Machi 27, 1977, katika uwanja wa Tenerife, mnara na ndege ya Pan Am waliongea kwa wakati mmoja, na katika chumba cha marubani wa KLM ukasikika mlio badala ya maneno ambayo huenda yangewasimamisha. Ndege hizo mbili ziligongana, na watu 583 walikufa. Mlio ulikuwepo, maneno ndiyo yaliyopotea.

Kama pande mbili za AM zinasema jambo moja na wimbi la katikati halisemi kitu, mbona usitupe vyote ubaki na upande mmoja? Hiyo ndiyo SSB. Ndani ya kisambazaji kuna sakiti inayochanganya sauti na wimbi kwa namna ambayo wimbi lenyewe linajifuta, zikabaki bendi mbili za kando. Baadaye chujio la kristali linakata moja. Kinachotoka kina upana wa chini kidogo ya kilohezi 3, nusu ya AM, na kila wati inayotoka ni ya maneno. Ukinyamaza, redio haitoi kitu. Ndiyo maana inatawala kwenye HF, megahezi 3 hadi 30, ambako mawimbi huakisiwa na tabaka za juu za anga na kufika mamia ya kilomita bila ripita, yaani mtambo wa kupokea na kurusha tena. Ukienda Turkana au Marsabit na kuona Land Cruiser yenye antena ndefu nene kwenye bampa ya mbele, uwezekano ni mkubwa kwamba hiyo ni HF. Bei yake ni hii: kwa kuwa umetupa wimbi la katikati, anayepokea lazima alitengeneze mwenyewe, na akikosea kwa hezi mia moja au mbili sauti ya mwenzake inageuka ya bata. Mlinzi wa usiku hapaswi kubebeshwa kazi ya kurekebisha kitu hicho gizani. Kwa lango la South B, SSB isahau.

Sasa FM, ambayo ndiyo iliyo ndani ya redio zenu sita.

Historia yake ina kichekesho. Mwaka 1922 mwanahisabati John Carson, wa kampuni ya simu ya Marekani, alichapisha hesabu kuonyesha kwamba kubadilisha masafa hakuwezi kupunguza upana wa chaneli, jambo ambalo wengi walilitarajia. Hesabu ilikuwa sahihi, na wengi wakaachana na FM. Edwin Armstrong akaigeuza kichwa chini: badala ya kutaka iwe nyembamba, akaipanua, akagundua kwamba upana huo ndio unaonunua ukimya. Hataza zake zilitolewa mwaka 1933. Kufikia 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walikuwa na redio za FM za kuongea pande mbili, mfumo uliobuniwa na Daniel Noble, na magari yao yakaanza kusikilizana bila kelele za injini.

Ukimya huo unatoka wapi? Katika FM ukubwa wa wimbi haubebi neno lolote, kwa hiyo redio inayopokea huukata kwa makusudi. Kila kinachozidi kimo fulani kinafyekwa, ile kelele ya plagi ikaenda nacho, na kinachobaki kusomwa ni masafa tu. Faida ya pili iko kwenye kisambazaji. Kwa kuwa ukubwa haubadiliki, hakuna haja ya kikuzaji mwaminifu. Unaweza kutumia cha daraja C, ambacho transista yake hulala muda mwingi wa kila mzunguko na kuamka kidogo tu kulisukuma wimbi. Kwa AM au SSB kingeharibu sauti vibaya. Kwa FM hakiharibu kitu, na hugeuza sehemu kubwa ya nguvu ya betri kuwa wimbi badala ya joto mkononi. Wokitoki ya wati 4 inayodumu zamu nzima ya usiku ipo kwa sababu hiyo.

Nikufungulie redio yako moja. Sauti inaingia kwenye maiki na kukuzwa. Inapita sakiti inayoinua noti za juu, kwa sababu kelele za FM huelemea huko juu. Redio inayopokea itazishusha tena, na kelele zitashuka nazo. Kisha inafika kwenye kikomo, mahali panapomhusu kila msimamizi wa walinzi. Kikomo hukata vilele vya sauti ili masafa yasiyumbe kupita kiasi na kuvuka hadi chaneli ya jirani. Mlinzi anayepiga kelele ndani ya redio haongezi umbali hata mita moja. Anagonga kikomo, sauti yake inakatwa juu na chini, na anayesikiliza anapata mavumi. Waambie washike redio upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, waongee kwa sauti ya kawaida. Nusu ya malalamiko ya "redio haisikiki vizuri" huishia hapo.

Baada ya kikomo na chujio la kilohezi 3, sauti inafika kwenye oskileta, sakiti inayozalisha wimbi lenyewe, na hapo modulesheni yenyewe inatendeka. Ndani ya oskileta kuna varikapi, dayodi ndogo ambayo uwezo wake wa kuhifadhi chaji hubadilika kulingana na volti unayoipa. Ipe volti ya sauti, na masafa ya oskileta yanayumba kuifuata: juu sauti ikipanda, chini ikishuka. Kiasi cha kuyumba kinaitwa mchepuko. Katika chaneli za kilohezi 25 kikomo cha mchepuko ni kilohezi 5 kila upande. Katika chaneli nyembamba za kilohezi 12.5 ni 2.5. Kanuni ya Carson, yuleyule, inakupa upana wote: jumlisha mchepuko na noti ya juu kabisa ya sauti, kisha zidisha kwa mbili. Yaani 2.5 na 3, mara mbili, ni kilohezi 11. Kwa mchepuko wa 5 ni 16. Kumbuka hiyo 11, tutakutana nayo tena.

Kuna jaribio moja la mezani ambalo sichoki kuliangalia. Unaipa redio toni ya hezi 1040 kupitia tundu la maiki, na kuiangalia kwenye kifaa kinachochora masafa kwenye kioo. Nguvu ya toni ikiwa chini, unaona mstari mrefu katikati, ambao ni wimbi lenyewe, na mistari midogo kando. Unapandisha nguvu hiyo polepole. Mistari ya kando inakua, ule wa katikati unapungua, unapungua, mpaka mahali fulani unatoweka kabisa. Redio bado inatoa nguvu yake yote, lakini nguvu hiyo imehamia kando na katikati hapana kitu. Hisabati inasema hilo hutokea mchepuko ukiwa mara 2.405 ya noti unayoipakia. Mara 1040, ni kilohezi 2.5 kamili. Fundi mwenye kifaa hicho anaweza kuweka mchepuko wa redio yako sawasawa bila kubahatisha. Ukimkuta anayelifanya, mshikilie.

Upana huo unaweza pia kukuletea tatizo la pili, ambalo huenda tayari liko kwenu bila nyinyi kujua. Redio za zamani nyingi ziliwekwa kwa kilohezi 25. Iliyowekwa pana ikiongea na iliyowekwa nyembamba, mchepuko unagonga kuta za chujio la anayepokea na sauti inakatikakatika kwenye maneno ya nguvu. Nyembamba ikiongea na pana, sauti inafika safi lakini ndogo, mlinzi anaongeza spika hadi mwisho na bado anasema haisikiki. Malalamiko mawili tofauti, chanzo kimoja, na tiba ni kuteua upana uleule kwenye redio zote.

Fezi nitaipitia haraka. Redio za kristali za miaka ya nyuma hazikuweza kuyumbisha kristali moja kwa moja, kwa kuwa kristali ni ngumu kama mkaidi. Wahandisi wakawa wanasukuma fezi ya wimbi mbele na nyuma, jambo ambalo kwa anayepokea linafanana na FM yenye noti za juu zilizoinuliwa, kisha wanazidisha masafa. Kristali ya megahezi 12 ikizidishwa mara 12 inafika 144, na mchepuko nao unazidishwa mara 12, hivyo kuyumba kwa hezi 200 na kitu mwanzoni kunatosha. Redio hizo bado zinaongea na za FM bila shida.

Redio za leo hazina kristali kwa kila chaneli. Zina sakiti moja inayoilinganisha oskileta na kristali ya marejeo na kuirudisha kila inapotangatanga. Kuna mgongano hapo: wewe unataka oskileta iyumbe kwa sauti, sakiti inataka itulie. Suluhisho la kawaida ni kuifanya sakiti iwe mzito wa kuitikia, ili iachie sauti ya hezi 300 kwenda juu na irekebishe tu kutangatanga kwa polepole. Hiyo inafaa kwa maongezi. Haifai kwa vitu vya chini ya hezi 300, mathalani ile toni ya siri, CTCSS, inayofungua spika za kikundi chenu pekee, ambayo huwa kati ya hezi 67 na 254. Ndiyo sababu redio zilizotengenezwa vizuri hupakia sauti mahali pawili kwa pamoja, kwenye oskileta na kwenye marejeo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ni sababu mojawapo ya redio yako ya zamani kutoweza kugeuzwa ya DMR hata ukimlipa fundi kiasi gani. Dijitali inataka njia iliyonyooka hadi chini kabisa. Inataka pia chipu ya kubana sauti, na kisambazaji kinachoweza kuwaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde.

Maana DMR hufanya hivi. Kwanza sauti inageuzwa namba na kubanwa hadi kiasi kidogo sana, takriban biti 2450 kwa sekunde, kisha zinaongezwa biti za kusahihisha makosa. Namba hizo zinachukuliwa mbilimbili. Mbili za binari zina michanganyiko minne tu, na kila mchanganyiko umepewa mchepuko wake: 01 ni hezi 1944 juu ya katikati, 00 ni 648 juu, 10 ni 648 chini, 11 ni 1944 chini. Redio inaruka kutoka kituo kimoja hadi kingine mara 4800 kwa sekunde. Ukiangalia vizuri, hiyo bado ni FM. Ukubwa wa wimbi haubadiliki, na kikuzaji cha kubana matumizi bado kinafaa. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kuyumba kufuata sauti, wimbi linarukia vituo vinne vilivyopangwa.

Hapo ndipo mkoromo wenu unapotoka. Redio ya zamani inayasoma yale marukio kama vile yangekuwa sauti, na kuyatoa kwenye spika yalivyo. Na sikiliza tena kwa makini: utagundua mlio huo unakatikakatika haraka, kama mara 17 kwa sekunde. Ni kwa sababu redio ya mkononi ya DMR hurusha kwa milisekunde 30, inanyamaza 30, inarusha tena. Nafasi ile ya kunyamaza imeachiwa mazungumzo ya pili, kwa hiyo chaneli moja ya kilohezi 12.5 yenye ripita inabeba mazungumzo mawili. Nayo betri inadumu zaidi, kwa kuwa kisambazaji kinafanya kazi nusu ya muda.

Upande wa pili nao una maelezo yake. Redio mpya ikiwa kwenye hali ya dijitali hutafuta kwanza mfululizo maalumu wa biti 48 unaosema "hapa pana DMR". Redio ya zamani haiutoi. Bila huo, mpya inaona kuna wimbi, pengine taa yake inawaka, lakini spika haifunguki. Nimeshangaa kidogo kwamba zile za zamani zinakoroma, kwa maana hiyo inaniambia fundi hakuweka toni ya CTCSS. Angeiweka zingekaa kimya pia, na mtu yeyote mwenye redio kwenye masafa hayo jirani hapo asingeweza kuingia kwenye mazungumzo yenu kirahisi hivyo.

TETRA, mfumo mwingine wa redio za kidijitali ambao utausikia ukitajwa kwa polisi na viwanja vya ndege vya Ulaya, unatumia mruko wa fezi badala ya masafa, mara 18,000 kwa sekunde ndani ya kilohezi 25, na hupata mazungumzo manne. Lakini ukubwa wa wimbi lake hubadilika, kwa hiyo inarudi kudai kikuzaji mwaminifu na ghali. Jibu la swali lako la pili limekuwa likijitokeza njia nzima: kila aina inakulipisha mahali fulani, iwe kwa upana wa chaneli, kwa betri, au kwa ugumu wa mitambo. Rubani, dereva wa Marsabit na mlinzi wako hawana mfuko mmoja.

Sasa kuhusu South B. Mimi ningefanya hivi. Redio nne mpya zirudi kwa fundi, zipewe chaneli ya kwanza ya analogia: masafa yenu, upana wa kilohezi 12.5, na toni moja ya CTCSS ambayo zote kumi zinaijua. Zile sita nazo zikaguliwe upana. Zote kumi zitaongea siku hiyohiyo. Mkitaka kuonja dijitali, iwekwe kwenye chaneli ya pili ya zile nne peke yake, na iwe kwenye masafa tofauti na ya kwanza. Kuchanganya analogia na dijitali kwenye masafa mamoja kunaleta watu wanaokanyagana bila kusikiana.

Wala usikimbilie kuhamia dijitali kwa sababu tu ni mpya. Sauti yake ni safi, lakini inabaki safi mpaka ukingoni, kisha inaanguka ghafla. Mlinzi aliye kwenye maegesho ya chini ya ardhi, chini ya zege, akiwa na analogia atasikika kwa mikwaruzo na utaokota neno "mwizi" katikati ya kelele. Akiwa na dijitali pale pale, unaweza kusikia vipande vya sauti ya roboti, au usisikie kitu. Ningetembea na redio mbili kila pembe ya mtaa, hasa huko chini, kabla ya kuamua. Na kama kuna mahali hapafiki, antena iliyopandishwa juu ya paa la jengo refu itawasaidia kuliko kubadilisha modulesheni yoyote. Hii naisema kwa sababu wauzaji wengi huuza modulesheni kutibu shida ya antena.

La mwisho, mwombe mwenye kampuni akuonyeshe leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Kama hana, hilo ndilo la kushughulikia kabla ya mengine yote. Kama anayo, tafuta humo msimbo wa aina ya utangazaji. 11K0F3E ni FM ya sauti ya analogia yenye upana wa kilohezi 11.0, ile ile tuliyoipata kwa kanuni ya Carson. 16K0F3E ni ile pana. Sauti ya DMR kwa kawaida huandikwa 7K60FXE. Ukikuta wa kwanza peke yake na mnataka chaneli ya dijitali, waandikie Mamlaka waongeze wa tatu kabla fundi hajagusa redio. Ukikuta 16K0 na redio zenu sasa ni nyembamba, waambie hilo kwenye barua hiyohiyo.